Barua tatu za udahili: uchambuzi wa kisa kimoja cha kuchagua chuo cha udaktari

Binti wa miaka 19 alikuja kwangu na wazazi wake kuomba ushauri, mkononi ana barua tatu za udahili na siku chache tu za kujibu. Alama zake ni nzuri. Pesa ya familia inatosha chuo kimoja bila taabu, na viwili vilivyobaki kwa kujibana. Majina ya vyuo nayaacha, maana kisa hiki hujirudia kila msimu wa udahili, popote penye vyuo vya aina hizi.

Barua ya kwanza ilitoka chuo cha nje ya nchi, ililetwa na wakala. Masomo ni ya miaka 6, majengo yanang'aa kwenye picha, na chuo kimo kwenye orodha mojawapo ya ubora wa vyuo. Ya pili ilitoka chuo kipya cha binafsi nchini kwao, chenye maabara ya kuigizia matibabu ambamo madoli yanapumua, yanatoa sauti ya moyo na hata kutokwa jasho. Chuo hicho hakijatoa mhitimu hata mmoja. Ya tatu ilikuwa ya chuo kikongwe cha umma: madarasa yamefurika, rangi ya kuta imebanduka, na mitaani kinajulikana kwa jambo moja, wanafunzi kudisko, yaani kuondolewa masomoni kwa kufeli.

Baba alikitaka cha kwanza. Binti alikwisha kukipenda cha pili tangu siku alipokitembelea. Mama alitaka mtoto asiende mbali, ila habari za sapu, yaani mitihani ya marudio, za chuo kikongwe zilimkosesha usingizi. Wote watatu waliuliza swali moja: kipi ni bora?

Swali hilo halina jibu mpaka lijibiwe lingine kabla yake, nalo ni wapi anataka kufanya kazi na kazi gani. Binti alijibu bila kusita: anataka kutibu watoto, aanzie nchini kwao, baadaye asomee ubingwa, pengine nje. Wazazi hawakuwahi kumsikia akilisema hilo kwa ukamilifu namna ile. Tangu hapo barua zote tatu zikaanza kusomeka tofauti.

Leseni kabla ya jina

Shahada ya udaktari peke yake haimruhusu mtu kumtibu yeyote. Ruhusa ni leseni, na leseni hutolewa na baraza la madaktari la nchi anakofanyia kazi, kwa masharti ya baraza hilo. Barua ya chuo cha nje ilikuwa na maneno "shahada inayotambulika duniani kote". Shahada ya namna hiyo haipo popote. Kila nchi hutambua kivyake, na inaweza kubadili masharti wakati mwanafunzi yuko mwaka wa tatu.

Tulipomwomba wakala ushahidi, alituma kiungo cha World Directory of Medical Schools, akaongeza kwamba chuo "kimepewa ithibati na WFME", yaani kimekaguliwa na kuthibitishwa kuwa kinafikia viwango. Hapa ndipo familia nyingi huuziwa mbuzi kwenye gunia. Orodha ile, iliyoanza mwaka 2014 kwa kuunganisha orodha mbili zilizotangulia, ni daftari la vyuo vilivyopo. Yenyewe inaeleza wazi kwamba kuorodheshwa si ithibati wala si kutambuliwa. WFME, yaani World Federation for Medical Education, haikipi chuo chochote ithibati. Kazi yake katika jambo hili ni kukagua na kutambua vyombo vinavyotoa ithibati katika nchi mbalimbali. Kwa hiyo swali sahihi kwa wakala ni hili: chombo gani kilikipa chuo hiki ithibati, mpaka mwaka gani, na je, WFME inakitambua chombo hicho? Kwa swali hilo wakala alinyamaza siku mbili, kisha akatuma picha nyingine za mabweni.

Kwa mtu anayeota kusomea ubingwa Marekani, jambo hili lina uzito wake. ECFMG, chombo kinachothibitisha madaktari waliosoma nje ya Marekani kabla hawajaingia mafunzo ya ubingwa kule, kilitangaza mwaka 2010 kwamba kitaanza kuangalia kama chuo kina ithibati ya chombo kinachotambuliwa. Utekelezaji ulisogezwa mbele mpaka 2024, nao ukaja kwa sura nyepesi kuliko ilivyotangazwa mwanzo: hadhi ya chuo inaoneshwa kwenye taarifa za mwombaji, na wanaochagua wanaiona. Si mlango uliofungwa, lakini kati ya waombaji wawili wanaolingana, ni rahisi kukisia nani atatangulia.

Masharti ya baraza yanaweza kuwa na makali kuliko hayo. Mwaka 2021 India ilitoa kanuni kwa raia wake wanaosoma udaktari nje: masomo yasipungue miezi 54, yafundishwe kwa Kiingereza, utarajali (mafunzo ya kazi hospitalini baada ya masomo) wa miezi 12 ufanyike kwenye chuo kilekile cha nje, na wakirudi wafanye miezi 12 mingine chini ya usimamizi. Wakati huo maelfu ya wanafunzi wa Kihindi waliosoma China walikuwa wamekwama kwao, kwa sababu China ilifunga mipaka kwa wageni Machi 2020 na wanafunzi hawakuanza kurudi mpaka nusu ya pili ya 2022. Walisoma kwa mtandao, na Februari 2022 baraza lao likasema halitambui shahada iliyosomwa kwa mtandao pekee. Mwezi huohuo vita ikawatoa maelfu wengine Ukraine. Hao hawakuwa wazembe. Walichagua chuo, ila hawakuwahi kujiuliza nini kitatokea masomo yakikatika katikati.

Binti aliandika barua pepe moja fupi kwa baraza la nchi yake, yenye maswali matatu: je, chuo hiki, kampasi hii na programu hii vinatambuliwa? Mhitimu wake akirudi atafanya mtihani gani? Na utarajali alioufanya kule utahesabiwa, au ataanza upya? Neno "kampasi" liliwekwa kwa makusudi, kwa kuwa chuo kikuu kinaweza kutambuliwa makao makuu huku tawi lake la mji mwingine halitambuliwi. Jibu lilikuja: chuo kinatambuliwa, mtihani upo, utarajali utaanza upya nchini. Kwa hiyo miaka 6 ya kwenye tangazo ikawa 6, pamoja na kusubiri mtihani, pamoja na mwaka mzima wa utarajali. Baba alikaa kimya kidogo, akatoa simu kupiga hesabu upya.

Chuo kipya nacho kilikuwa na suala la leseni, la aina nyingine. Ithibati ya chuo cha udaktari kinachoanza mara nyingi hutolewa kwa hatua: kwanza ruhusa ya kudahili, kisha ya muda, na ile kamili huja darasa la kwanza linapokaribia kuhitimu. Hilo ni la kawaida, si doa. La kuuliza ni nini kitawapata wanafunzi kama hatua ya mwisho ikikwama: je, kuna chuo kingine kilichokubali kwa maandishi kuwapokea? Ofisi ya udahili ilijibu kwa adabu sana, aya tatu ndefu, na hakuna hata moja iliyogusa swali.

Wodini

Nilimwambia binti aende akaone hospitali za vyuo viwili vya nchini siku ya kazi, asubuhi, bila kumwambia mtu wa masoko. Maabara, maktaba na kumbi za mihadhara asizijali sana siku hiyo. Daktari hutengenezwa wodini, na kile ambacho chuo hakina wodini hakifidiwi kwa majengo.

Hospitali inayotumiwa na chuo kipya si yake. Inaitumia kwa mkataba, na vyuo vingine viwili vina mikataba na hospitali hiyohiyo, ukiacha wanafunzi wa uuguzi. Alikuta raundi imesimama mbele ya mzee mmoja mwenye ini lililovimba. Wanafunzi 13 walikuwa wamezunguka kitanda kimoja, wale wa nyuma wakinyoosha shingo. Bingwa aliwaita wachache wapapase tumbo; mzee akamuuliza yule wa nne, kwa upole tu, "Mwanangu, mmebaki wangapi?" Bingwa akasitisha zoezi, na alifanya haki. Waliobaki watajifunza ini kutoka kwenye doli, na doli halikunji uso linapobonyezwa panapouma.

Madoli sina ugomvi nayo. Kumfufua aliyesimama moyo, kuingiza mpira wa hewa kooni, kuchoma sindano mara ya kwanza: hayo yote afadhali yaanzie mahali ambapo kosa halimuumizi mtu. Lakini maabara ya kuigizia ni ya kumwandaa mwanafunzi kwa mgonjwa. Chuo kinachoitangaza kwa herufi kubwa na kuitaja hospitali kwa mstari mmoja kimeshakwambia wapi kimewekeza.

Baadhi ya nchi zimeliweka jambo hili kwenye tarakimu. Kanuni za India za mwaka 2023, kwa mfano, zinataka chuo kinachodahili wanafunzi 100 kwa mwaka kiwe na hospitali ya vitanda visivyopungua 420. Si lazima namba hiyo ifae kila mahali, lakini inatoa kipimo cha kuanzia. Gawanya vitanda kwa wanafunzi wa miaka ya kliniki, halafu uliza ni vyuo vingapi vinagawana vitanda hivyo, na vingapi kati yake vina mgonjwa. Hospitali tupu haifundishi.

Kwenye chuo kikongwe mambo yalikuwa mengine kabisa. Wodi ya watoto ilijaa, kelele tupu. Binti alimkuta mwanafunzi wa mwaka wa tano amekaa kwenye benchi la korido akila haraka haraka, akamsalimu "shikamoo dada", akajieleza. Yule dada alimtolea kijitabu mfukoni mwa koti, kimechakaa pembe, chenye orodha ya kazi ambazo kila mwanafunzi lazima azifanye kwa mkono wake, na pembeni sahihi ya daktari aliyemsimamia. Kuzalisha. Kushona kidonda. Kutoa maji ya uti wa mgongo kwa mtoto. Kurasa zake zilikuwa karibu zimejaa. Akasema pia asiyoyapenda: mhadhiri wa radiolojia haonekani, picha za eksirei wamejifundisha wenyewe usiku, na kuna mabingwa wanaomtukana mwanafunzi mbele ya mgonjwa. Mazungumzo hayo ya robo saa yalikuwa na habari nyingi kuliko vipeperushi vyote vitatu.

Kama ni kumwuliza mwanafunzi wa miaka ya juu swali moja tu, lisiwe "chuo kizuri?" Muulize mara ya mwisho alizalisha lini kwa mikono yake, na nani alikuwa amesimama nyuma yake. Ukimwona anafikiri sana, ujue.

Chuo cha nje hatukuweza kukitembelea, lakini wodi yake ilikuwa na tatizo linaloonekana hata kwa mbali. Masomo ni kwa Kiingereza. Wagonjwa wanazungumza lugha ya nchi ile, ambayo binti haijui. Wakala alisema kuna kozi ya lugha mwaka wa kwanza. Fikiria mtoto anayetapika, bibi yake anaeleza kwa haraka, anarudi nyuma, anajisahihisha: kozi ya mwaka mmoja itakufikisha wapi? Mwaka 1975 Hampton na wenzake walichapisha kwenye British Medical Journal utafiti wa wagonjwa wapya 80 wa kliniki. Kwa wagonjwa 66 kati yao, maelezo ya mgonjwa pekee yalitosha kufikia utambuzi uliokuja kukubaliwa mwisho; kupima mwili na maabara viliongeza kidogo tu. Vipimo vimeendelea sana tangu hapo, lakini kuuliza na kusikiliza bado ndiko kunakoamua ni kipimo gani kiagizwe. Mwanafunzi asiyemwelewa mgonjwa anakuwa mtazamaji kwa miaka mitatu, akitafsiriwa na mwenzake mwenye huruma pale anapopata nafasi.

Asilimia zinazopamba vipeperushi

Chuo cha nje kilitangaza kiwango cha juu sana cha kufaulu mtihani wa leseni. Kabla ya kushangilia asilimia yoyote ya namna hii, uliza imegawanywa kwa nani. Tuseme wanaingia 100. Njiani 25 wanadisko, 15 wengine chuo kinawazuia kufanya mtihani wa leseni mpaka wafaulu mtihani wa ndani. Wanaobaki 60 wanafanya, 57 wanafaulu. Tangazo litasema asilimia 95, na halitakuwa limedanganya. Lakini mzazi wa mmoja wa wale 100 alilipia nafasi ya 57. Kwa hiyo omba namba mbili: walioingia mwaka fulani, na waliohitimu kwa wakati kati ya haohao. Chuo kisichotaka kuzitoa kina sababu zake.

Orodha za ubora ndizo zilizokuwa zimemteka baba. Ile ya QS, kampuni ya Uingereza inayopanga vyuo kwa ubora, kwa somo la udaktari hupima sifa ya chuo miongoni mwa wanataaluma na waajiri, na jinsi machapisho yake yanavyonukuliwa. Ni vipimo halali kwa anayetafuta mahali pa kufanya utafiti. Havisemi neno juu ya nani atamsimamia mwanafunzi saa nane usiku kwenye wodi ya wazazi.

Chuo kikongwe kiliulizwa swali lile la namba mbili, kikajibu bila kona, pengine kwa sababu hakina mtu wa masoko. Picha iliyotoka ilimtuliza mama kuliko maneno yangu. Wengi wa walioanguka walianguka mwaka wa kwanza na wa pili, kwenye anatomia na biokemia; sehemu kubwa walivuka kwa sapu, baadhi walikariri mwaka, na waliodisko ni wachache kuliko sifa inavyovuma. Kuanzia mwaka wa tatu karibu kila mtu anafika. Chuo kinachochuja mapema ni kikali, lakini kinachomtoa mtu mwaka wa tano baada ya kula ada zote ni kikatili.

Hilo halifuti hofu ya mama. Uchambuzi uliochapishwa 2016 kwenye JAMA, jarida la kitabibu la Marekani, uliokusanya tafiti kutoka nchi 43, ulikuta asilimia 27.2 ya wanafunzi wa udaktari wana sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito, au dalili zake. Kwa hiyo kuuliza nani anamsaidia mwanafunzi aliyekwama, na je, anaweza kusimama mwaka kwa ugonjwa bila kupoteza nafasi, ni swali la msingi kama la vitanda. Chuo kikongwe kilikuwa dhaifu hapo. Mshauri ni mmoja, na foleni yake ni ndefu.

Mtaala tulizungumza dakika chache tu. Mgawanyo wa sayansi mwanzoni na wodi mwishoni ulienea baada ya ripoti ya Flexner ya 1910 huko Marekani na Canada. Kusoma kwa kuanzia na tatizo la mgonjwa, katika vikundi vidogo, kulianzia chuo kikuu cha McMaster, Canada, mwaka 1969. Vyuo vingi leo vinachanganya. Nimeona madaktari wazuri na wabovu wakitoka kote kuwili, na singemshauri mtu avuke bahari kwa ajili ya mtaala.

Pesa

Baba alikuwa amelinganisha ada ya mwaka wa kwanza. Tukalinganisha gharama mpaka leseni: ada za miaka yote, nauli, bima, mitihani ya leseni, miezi ya kusubiri bila kipato, na mwaka mmoja wa kukariri ukitokea. Chuo cha nje kinatoza kwa fedha ya kigeni, kwa hiyo sarafu ya nyumbani ikiporomoka, ada inapanda bila chuo kuandika barua. Kwa hesabu hiyo, chuo kilichoonekana nafuu kuliko cha binafsi kikawa ghali kuliko vyote.

Uamuzi

Binti alichagua chuo kikongwe, na alichagua mwenyewe, jambo ambalo nililisubiri. Hakukichagua kwa mapenzi. Alisema chuo kipya bado kinamvutia, ila mzee wa ini hamtoki akilini. Kwa udhaifu wa chuo alichokichagua aliweka mambo mawili: ameshaomba kuingia kikundi cha kusomea cha wanafunzi wa juu kabla masomo hayajaanza, kwa ajili ya anatomia, na wazazi wamekubali tangu sasa kwamba sapu ikitokea italetwa nyumbani kama habari, isigeuzwe aibu. Hilo la pili lilichukua muda mrefu kuliko kusoma barua zote.

Majibu yangekuwa mengine kama masharti yangekuwa mengine. Chuo kipya kingekuwa na hospitali yake yenye wagonjwa na barua ya chuo kilichokubali kuwapokea wanafunzi mambo yakikwama, ningemwambia akifikirie kwa uzito, maana darasa dogo na walimu wenye muda ni vitu adimu. Binti angekuwa anaijua lugha ya nchi ile, au amepania kuishi na kufanya kazi hukohuko, chuo cha nje kingesogea mbele, utarajali wa kurudia usingemhusu. Na kama angekuwa na barua ya chuo kikongwe pekee, bado ningemtuma wodini akaone kabla ya kulipa, kwa sababu kuna vyuo vikongwe ambavyo wodi zake zimekufa siku nyingi na jina limebaki.

Malipo ya kushikilia nafasi chuo cha nje yalikuwa yameshatolewa kiasi kabla hawajaja kwangu. Mkataba wa wakala una kipengele cha kurudisha fedha ndani ya siku 14 kwa maombi ya maandishi, na baba ameandika siku ya 11. Wakala bado hajajibu.